Kwa nini kila kundi la misheni likija Malindi hupelekwa kwa watoto?

#1 DerevaWaBarani

Salaam wadau. Kazi yangu ni kubeba wageni. Kuanzia Juni, shule za kwao zikifungwa, makundi ya makanisa huanza kuingia: Wamarekani ndio wengi, Waingereza kidogo. Ratiba yao naijua kwa moyo. Wakishapumzika ni shule ya msingi, kisha makao ya watoto, Jumapili kanisani, halafu tunaingia Tsavo kwa lango la Sala kuwaona ndovu, na baada ya hapo ni uwanja wa ndege.

Sisemi hawana nia njema. Nimekaa nao gari moja, nimewaona wakilia njia nzima kwa kuachana na watoto, na machozi yale si ya uongo. Ninachouliza ni mbona watoto tu? Kaunti hii hii, Kaya Godoma kule Ganze, wako wazee waliokimbilia huko baada ya kuitwa wachawi na jamaa zao wenyewe, mara nyingi kisa kikiwa ni shamba. Biblia ikitaja yatima inataja na wajane. Lakini sijawahi hata mara moja kuambiwa nigeuze gari kuelekea Ganze. Hospitalini kuna wagonjwa wasiotembelewa na mtu. Nani huchagua watoto, na kwa nini?

#2 Kadzo_wa_Ganda

Kwa sababu mtoto hamuulizi mgeni amesomea wapi kazi anayoifanya. Mzee atamuuliza.

#3 MwalimuGongoni

Kadzo, umejibu kwa ukali, ila lipo la lugha pia. Darasani kwangu mtoto wa gredi ya 4 anaweza kuimba nyimbo za Kiingereza na mgeni, akahesabu naye, akamwonyesha daftari. Mzee wa Ganze anaongea Kigiriama, tena cha ndani. Mgeni atahitaji mkalimani kwa kila neno, na mkalimani anataka malipo. Kwa mtoto mpira unatosha.

Ila niseme la upande wa shule, maana wengi hawalijui. Wao Juni wako likizo, sisi tuko katikati ya muhula wa pili. Kundi likija, masomo yanasimama. Asubuhi ni nyimbo na michezo, mchana picha, na kesho yake watoto hawatulii. Sijawahi kumwona mwalimu mkuu akiwakataa, kwa sababu huenda wakaacha tangi la maji au madawati. Mimi mwenyewe ningeogopa kuwakataa.

#4 Nahodha_Salim

Mambo haya yana mizizi. Misheni katika pwani hii zilianza na watoto tangu karne ya 19. Mapadri wa Bagamoyo mwaka 1868 walianza na watoto waliokombolewa utumwani. Mmisionari Krapf naye akaanzisha kijiji cha Freretown pale Mombasa, watoto wakafundishwa kusoma na useremala. Walijua mtu mzima ana dini yake na wazee wake, mtoto aliyenyang'anywa kwao hana pa kurudi. Mpango ni ule ule, kilichobadilika ni ndege.

#5 MjukuuWaMekatilili

Nahodha, heshima yako, lakini Krapf hakuanzisha Freretown. Yeye alifika Mombasa 1844, mwenzake Rebmann akamfuata 1846 wakaanzisha misheni ya Rabai. Freretown ilikuja 1875, Krapf akiwa amekwisha kurudi Ulaya miaka mingi, na jina lilitokana na Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyepinga biashara ya utumwa. Tena si watoto peke yao waliokaa pale, walikuwemo watu wazima walioshushwa kutoka majahazi ya watumwa, na wengine waliorudi kutoka Bombay.

Bagamoyo uko sawa.

#6 Nahodha_Salim

Sawa mjukuu, nimepokea. Mizizi lakini ipo.

#7 MamaRehema_Muyeye

Mimi nitasema tofauti kidogo, na nawaomba mnisikilize.

Mume wangu alifariki watoto wakiwa wadogo. Nauza mahamri na mbaazi alfajiri, mchana nafua nguo za watu. Kundi la kanisa lilikuja shuleni kwa binti yangu. Walikuwamo mama mmoja na mumewe, wakamuuliza mwalimu ni nani anafukuzwa karo mara kwa mara. Mwalimu akamtaja wangu. Walikuja nyumbani, wakakaa kwenye mkeka, wakala nilichokuwa nacho. Walipoondoka walianza kutuma karo kupitia shule, na wametuma mpaka kidato cha nne. Leo binti yangu anasomea uuguzi.

Kwa hiyo mkisema watoto wanatumiwa, mimi nashindwa kuitikia. Kama wale wageni wangepelekwa kwa wazee wa Ganze, binti yangu angekuwa anafua nguo na mimi.

#8 Kadzo_wa_Ganda

Mama Rehema, hongera kwa binti, Mungu amkuze. Lakini angalia ulichoandika. Walikuja nyumbani kwako, wakakuona wewe mama mtu mzima, wakalipa karo, mtoto akalala kwake. Hawakumtoa. Na darasa lile lilikuwa na watoto wangapi wengine wanaofukuzwa karo, ambao mwalimu hakuwataja?

#9 MamaRehema_Muyeye

Hilo la wengine linaniuma hata mimi. Jirani yangu hanisalimii tangu mwaka ule.

#10 Aliyekuwa_Mlezi

Nimefanya kazi ya ulezi katika makao ya watoto, sitasema ni wapi. DerevaWaBarani ameuliza nani anachagua. Nitawaambia nilichokiona.

Wageni wakija, sanduku la sadaka linajaa. Wakija makao hayana watoto, hakuna sadaka. Basi lazima watoto wawepo, tena wadogo, maana barobaro wa miaka kumi na sita hapigwi picha. Pale kwetu wengi walikuwa na mama, au baba, au bibi kijijini. Mzazi aliambiwa: mlete, atasoma, atakula. Mzazi maskini gani atakataa? Na haya si ya Malindi peke yake. Save the Children waliandika mwaka 2009 kwamba duniani kote watoto wasiopungua wanne kati ya watano walioko kwenye makao wana mzazi angalau mmoja aliye hai.

Kilichonitoa pale ni watoto wenyewe. Mgeni anashuka garini, mtoto wa miaka mitatu ambaye hajawahi kumwona anamrukia na kumkumbatia. Mgeni anafurahi, anasema mtoto huyu ana upendo. Mtoto aliyelelewa kwao, mkimbebesha mgeni, hulia akamtafuta mamake. Huyu halii kwa sababu hana wa kumtafuta. Jambo hili limechunguzwa sana Bucharest kule Romania tangu mwaka 2000: watoto waliotolewa kwenye taasisi wakapewa familia waliendelea vizuri kuliko waliobaki, na waliotolewa mapema zaidi ndio waliofaidika zaidi.

Basi kila kundi likiondoka, usiku ule sisi walezi hatukulala. Mmoja anakojoa kitandani, mwingine anakataa kula, mwingine anapiga wenzake. Baada ya wiki wanatulia, kisha linakuja kundi jingine. Ndugu zangu, ukitaka kumfundisha mtoto kwamba kila anayekupenda ataondoka, hiyo ndiyo njia yake.

#11 SimbaWaMambrui

Mlezi umenigusa. Nilikuja hapa kusoma habari za ndovu wa Sala, sasa siwezi hata kumaliza chai.

#12 PastaKijana_Kakoneni

Bwana asifiwe. Na mimi niseme, kwa kuwa sisi wachungaji ndio tunaowapokea.

Kwanza, makundi mengi hayatuulizi tunataka nini. Yanakuja na mpango uliokwisha kuandikwa. Na tazameni ni akina nani wanaokuja. Wengi ni vijana wa miaka 16 hadi 20, na viongozi wachache. Vijana wale kwao wanafundisha shule ya Jumapili na kuendesha vipindi vya watoto wakati wa likizo. Hiyo ndiyo huduma pekee wanayoijua. Ukimpeleka binti wa miaka kumi na saba amhudumie mzee aliyepooza, atafanya nini? Kwa hiyo kabla ya kusema ni pesa au historia, tujue kwamba wanapelekwa kwa watoto kwa sababu na wao ni watoto wakubwa.

Pili, nawaombea wasihukumiwe wote. Yuko mmoja aliyekuja akiwa kijana, akarudi akiwa daktari wa meno, akang'oa meno ya watu wazima siku nzima chini ya mwembe, foleni mpaka barabarani.

#13 Kadzo_wa_Ganda

Daktari wa meno nampokea kwa mikono miwili, pasta. Kasomea.

#14 FundiTofali

Mimi ni fundi wa ujenzi na rangi. Mwalimu Gongoni amesahau kusema kuta za shule zinapakwa na nani. Wageni wanapaka, wakiondoka tunaitwa usiku kurekebisha. Na kuna darasa moja nimeona limepakwa na kundi hili, mwaka uliofuata likapakwa tena na kundi jingine, kwa rangi nyingine, ukuta ukiwa mzima kabisa. Paa la darasa la jirani lilikuwa linavuja. Paa ni kazi ya juu, hatari, haina picha nzuri. Wangelipa mafundi wanne wa hapa, paa lingekwisha na watoto wangeona baba zao wakijenga shule yao.

#15 Zuhura_Ughaibuni

Nimezaliwa Majengo hapo hapo Malindi, sasa naishi Marekani na mume wangu ni muumini wa kanisa kubwa linalotuma makundi. Wacha niwaeleze upande wa huku, maana mnatafuta mchaguzi huko nyumbani na nusu ya uchaguzi unafanyika huku.

Kila anayesafiri anatakiwa achangishe pesa zake. Anaandika barua kwa jamaa, majirani, watu wa kazini: naenda Kenya kuwahudumia watoto yatima, nisaidie. Barua hiyo inaleta pesa. Nimeona mwaka mmoja kikundi kilichotaka kwenda kuchimba vyoo kikishindwa kufikisha kiasi, na cha watoto kikavuka. Wakirudi, Jumapili wanaonyesha video kanisani. Ukionyesha choo nani atatoa machozi?

Sasa sikilizeni linaloninyima raha. Kanisa hilo hilo, ukitaka kufundisha watoto wa shule ya Jumapili hapa, unapigwa alama za vidole, polisi wanakuchunguza, na hairuhusiwi mtu mzima mmoja kuwa peke yake na mtoto chumbani. Lazima wawe wawili na mlango wenye kioo. Mtu huyo huyo akifika Malindi anabeba mtoto mgongoni anaingia naye bwenini na hakuna anayemuuliza.

Na madhara yameonekana Kenya. Kijana wa miaka 19 kutoka Oklahoma alijitolea katika makao ya watoto karibu na Nairobi mwaka 2014, mahakama ya kwao ikamhukumu miaka 40 mwaka 2016 kwa kuwanajisi watoto. Mwingine wa Pennsylvania alifungua makao yake Bomet mwaka 2008 akijiita mmisionari, akahukumiwa miaka 15 na miezi 8 mwaka 2021. Wote wawili walihukumiwa Marekani. Walifika Kenya kwa jina la kusaidia watoto.

#16 NdogoWaWatamu

Tusiwasukumie makanisa kila kitu. Pwani yetu imeumizwa zaidi na watalii kuliko wamisionari. Ripoti ya UNICEF na serikali ya mwaka 2006 kuhusu utalii wa ngono na watoto iliitaja Malindi waziwazi. Na kule Watamu watoto wakiona gari la mzungu wanakimbilia barabarani wakipiga kelele "ciao, caramella!" Hawakufundishwa na mchungaji. Miaka na miaka wametupiwa peremende kutoka dirishani. Kwa hiyo kundi la kanisa likija linakuta mtoto amekwisha kufundishwa kwamba mgeni ni wa kunyooshewa mkono.

#17 DerevaWaBarani

Ndogo, hilo la peremende nimewakataza kwenye gari langu. Mgeni akitaka kutupa namwambia ashuke, amsalimie mama wa mtoto kwanza. Wengine wananielewa.

#18 BiMwanaisha_Shella

Assalaam aleikum. Nimesoma toka juu na jambo moja halijaguswa. Malindi ni mji wa Waislamu na Wakristo pamoja. Shule za serikali zina watoto wa madrasa. Mjukuu wangu alirudi nyumbani amevaa bangili ya shanga, nyeusi, nyekundu, nyeupe, kijani na manjano, na kila rangi alikuwa ameelezwa maana yake ya kidini. Hakuna aliyetuuliza. Mwalimu alisema ni michezo tu. Sikupiga kelele, nilimwita mwalimu nikamwambia: nisingetuma mtu kwenda kumfundisha mtoto wa Kikristo shahada bila mamake kujua, basi na mimi nitendewe hivyo.

Na kuhusu yatima, sisi tuna kafala. Mtoto anachukuliwa kwenye nyumba, analelewa na kulishwa kama wa kuzaa, lakini jina la babake halifutwi na ukoo wake anaujua. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala. Wanaotaka thawabu kwa yatima wangesaidia nyumba zinazofanya hivyo. Mtaani kwetu ninazijua kadhaa, na zote zina shida ya unga.

#19 PastaKijana_Kakoneni

Bi Mwanaisha, hilo la bangili umesema haki. Mzazi aulizwe kwanza. Nitalisema kwa wachungaji wenzangu.

#20 AfisaMstaafu

Nimefanya kazi za watoto serikalini, sasa nimestaafu. Kwa faida ya wote:

Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017. Sheria ya 2022 inataka mtoto akae kwenye familia kwanza, yake au ya jamaa, na makao yawe hatua ya mwisho. Upo pia mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Ukiona makao mapya yamefunguliwa na wageni wanapelekwa, uliza cheti.

Kuhusu wageni. eTA, yaani idhini ya kuingia nchini inayoombwa mtandaoni, iliyochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024, ukiichukua kwa utalii ni ya kutembea. Kazi ya dini au hisani ina kibali chake cha daraja I, na wa muda mfupi wanaomba pasi maalum. Wengi hawaombi, na wenyeji hawawaambii.

Kuhusu picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi. Mwaka 2023 shule moja upande wa Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini. Walimu wakuu wa Malindi wakumbuke hilo kabla ya kupanga watoto mstari mbele ya kamera.

Ukimshuku mtu, piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure.

Na mniruhusu kusema hili. Shakahola, msitu ule ambamo waumini wa mhubiri mmoja walifunga mpaka wakafa, iko kaunti yetu. Mwaka 2023 na baada yake miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na watoto walikuwa wengi. Haihusiani na wageni hawa hata kidogo. Nimeitaja kwa sababu sisi watu wa Malindi hatuna tena haki ya kumwacha mtoto mikononi mwa mtu kwa kuwa tu ametaja jina la Mungu.

#21 MwalimuGongoni

Afisa, shukrani. Lile la faini nalichapisha nibandike ofisini.

#22 KijanaWaKwaya

Wakubwa shikamooni. Nimesoma Nahodha akisema ni historia ya wazungu, Zuhura akisema ni barua za michango. Mimi nina swali kwa wote.

Kanisa letu la hapa Malindi lilituvusha mpaka wa Lungalunga tukaenda misheni Tanga, sisi Wagiriama na Wakauma na Mjaluo mmoja. Hatukuwa na barua za Marekani. Tulichanga kwa harambee na kuuza maji ya madafu. Kufika Tanga tulipelekwa wapi? Kwa watoto. Siku zote. Tuliimba nao, tukapiga picha, tukawapa biskuti, nao wakatuita wageni wa Kenya wakatugandia mikononi. Kiswahili tulikijua sote, kwa hiyo la lugha la Mwalimu halikuwepo. Wazee walikuwa wamekaa barazani wanatutazama, tukawasalimia tukapita. Niliporudi nilijiona nimefanya kazi kubwa, na mama akaniuliza: mbona kwa bibi yako Marafa hujaenda tangu Krismasi?

Kwa hiyo mimi nafikiri si uzungu. Mtoto anakushukuru papo hapo, na mwenye kusafiri mbali anataka kushukuriwa kabla hajarudi.

#23 Nahodha_Salim

Kijana, wewe umenitikisa kuliko yule wa Freretown.

#24 FundiTofali

Ukauza madafu ukavuka mpaka kugawa biskuti! Bibi wa Marafa alistahili dafu moja.

#25 KijanaWaKwaya

Amekwisha kulipata, fundi. Naenda kila mwisho wa mwezi.

#26 Zuhura_Ughaibuni

Kijana, bado barua za michango zipo. Usizifute. Hoja yako inaeleza moyo wa msafiri, yangu inaeleza mfuko unaomsafirisha. Msafiri bila mfuko angebaki kwao.

#27 Aliyekuwa_Mlezi

Na mfuko bila mwenye makao hapa nyumbani ungetua wapi? Zuhura, mchaguzi yuko huku pia. Nilimwona kwa macho yangu.

#28 DerevaWaBarani

Nashukuru wote. Leo nimempigia kiongozi wa kundi linalokuja mwezi ujao, nikamweleza kuhusu Kaya Godoma. Amesema atauliza kamati yao. Ameuliza pia kama kule kuna watoto.

#29 Kadzo_wa_Ganda

Dereva, kabla hujawapeleka Ganze, ngoja. Wale wazee wameitwa wachawi, wamekimbia mapanga, wengine wana makovu. Unataka wapangwe mstari wapigwe picha kama watoto wa Mwalimu Gongoni? Mimi nyanyangu alikuwa nusura awe mmoja wao. Wakiulizwa wenyewe na wakakubali, sawa. Wasipoulizwa, waache mkekani pao.

#30 PastaKijana_Kakoneni

Kadzo ana haki. Nina muumini anayewafahamu wazee wa kule. Naweza kwenda naye Jumanne niwaulize kama wanataka wageni, na kama wanataka, wa kufanya nini. DerevaWaBarani, una nafasi garini?

#31 DerevaWaBarani

Ninayo. Tutoke saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwalimu Gongoni, tunahitaji mtu wa Kigiriama cha ndani.

#32 MwalimuGongoni

Jumanne nina darasa. Mchukueni Kadzo.